Jiko la Umeme Nyumbani: Breka Inamlinda Nani?



Katika mikutano ya matawi ya Jinja, Kakira na Lugazi tumeulizwa swali moja mara nyingi hata likaanza kushindana na lile la nyongeza ya mshahara. Swali lenyewe ni hili: "Nimenunua jiko la umeme lenye oveni. Nilifunge vipi nyumbani?" Tumeona tulijibu hapa mara moja kwa wote, maana wanaouliza ni wengi na wanaofunga bila kuuliza ni wengi zaidi.

Sababu ya maswali haya tunaijua. Makaa yamekuwa ghali. Mwaka 2023 Rais alitoa amri ya kuzuia ukataji wa miti kwa makaa ya biashara katika sehemu za Kaskazini, na kila mama wa nyumbani aliona matokeo yake sokoni. Kwa upande mwingine umeme wenyewe umeongezeka. Bwawa la Bujagali lilianza kazi 2012 likiwa na megawati 250, Isimba likafuata 2019 kwa megawati 183, na Karuma la megawati 600 likafunguliwa rasmi Septemba 2024. Kuanzia 2022 Mamlaka ya Kusimamia Umeme iliweka pia bei ya nafuu kwa wenye nyumba wanaopikia umeme. Kwa hiyo mwenzetu anayeacha makaa na kununua jiko hakukosea hata kidogo. Kosa huanza pale jiko linapofungwa kama vile ni taa.

Tuanze na hesabu

Nyuma ya kila jiko, au kwenye ukingo wa mlango wa oveni, kuna kibati kidogo chenye maandishi. Tafuta namba iliyofuatwa na herufi W, yaani wati. Chukua namba hiyo, igawe kwa 240, ambayo ndiyo nguvu ya umeme wa nyumbani hapa Uganda kwa volti. Jibu utakalopata ni ampea, yaani kiasi cha umeme kitakachopita ndani ya waya. Hesabu hii ni ya darasa la tano, na mtu asikutishe nayo.

Taa ya wati 10 haifiki hata sehemu ya kumi ya ampea moja. Pasi ya wati 1,000 inakula ampea 4 na kidogo. Oveni ndogo ya mezani ya wati 2,000 inakula ampea 8. Oveni ya wati 3,000 inafika ampea 12 na nusu. Sasa chukua lile jiko kubwa la kusimama, lenye sahani nne za moto juu na oveni chini. Sahani moja wati 1,000, mbili za wati 1,500, moja ya 2,000, na oveni wati 2,200. Jumla ni wati 8,200. Gawa kwa 240 unapata ampea 34.

Kwa nini tunahangaika na ampea? Kwa sababu waya ukipitishwa umeme hupata joto, na joto hilo haliongezeki pole pole. Umeme ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Umeme ukiwa mara tatu, joto ni mara tisa. Kwa hiyo waya uliokuwa ukibeba ampea 5 kwa miaka kumi bila taabu, ukiubebesha ampea 15 unapata joto mara tisa ya lile la zamani, nao umefichwa ndani ya ukuta au juu ya dari ambapo hakuna anayeuona. Plastiki yake inalainika, inakauka, inapasuka. Moto wa nyumba huanzia hapo, mara nyingi usiku, wakati jiko lenyewe limekwisha zimwa.

Waya wa taa una unene wa milimita mraba 1.5. Waya wa soketi kwa kawaida ni 2.5. Jiko kubwa tulilolitaja linahitaji waya wa 6, na kama mwendo kutoka kwenye boksi la breka hadi jikoni ni mrefu, fundi atachagua wa 10. Namba hizi zimepigwa chapa kwenye ngozi ya waya. Zisome dukani kabla ya kulipa, kwa maana waya mwembamba wenye plastiki nene unafanana sana na waya mnene.

Mtu atasema: mbona jiko ni ampea 34 na mafundi wanaweka breka ya 32? Ni swali zuri. Sahani na oveni haziwaki zote kwa nguvu kamili kwa muda mrefu, maana kila moja ina kidhibiti cha joto kinachowasha na kuzima. Kanuni wanayotumia mafundi kwa jiko la nyumbani ni kuhesabu ampea 10 za kwanza kamili, kisha thelathini kwa mia ya zinazobaki. Hapa zinazobaki ni 24, thelathini kwa mia yake ni 7, jumla 17. Kama kwenye swichi ya jiko kuna soketi ya birika, ongeza 5. Zinakuwa 22. Breka ya 32 na waya wa 6 vinatosha. Kanuni hii ni ya jiko tu. Usiipeleke kwenye kitu kingine.

Oveni ndogo ya mezani haina haja ya yote hayo. Plagi yenye fyuzi ya ampea 13 inaitosha, mradi soketi iwe nzuri na isichomekwe kwenye waya wa kurefushia pamoja na friji na pasi. Baada ya nusu saa ya kuoka, zima soketi ukutani, chomoa plagi na uiguse. Ikiwa ni ya moto kiasi kwamba huwezi kuishikilia, soketi ile imelegea ndani. Ibadilishwe.

Njia ya waya

Jiko kubwa lazima lipate njia yake peke yake. Maana yake breka yake ndani ya boksi, waya wake kutoka hapo hadi jikoni, na hakuna taa wala soketi inayodandia njiani. Waya usiungwe katikati. Ukipungua, ununuliwe mwingine mrefu. Tunasema hivi kwa ukali kidogo kwa sababu tumeona viungio vingi vilivyofungwa kwa mfuko wa nailoni.

Jikoni waya huo unaingia kwenye swichi kubwa ya jiko, ambayo nyingi zimeandikwa ampea 45 na zina taa ndogo nyekundu. Swichi hii iwe karibu na jiko, isizidi mita mbili, lakini iwe pembeni. Isiwe juu ya sahani za moto, maana mafuta yakilipuka kwenye kikaango ni nani atapitisha mkono juu ya ndimi za moto ili azime? Kutoka kwenye swichi waya unashuka ndani ya ukuta hadi kwenye kibao cha kutokea nyuma ya jiko, na kutoka hapo waya laini wa kuvumilia joto ndio unaoingia ndani ya jiko.

Nyuma ya jiko fundi akifungua kifuniko atakuta vifungio vitano au sita. Wengi hapa huchanganyikiwa. Majiko mengi hutengenezwa ili yaweze kufungwa hata kwenye nyumba zenye fezi tatu, kwa hiyo yana vifungio vitatu vya umeme wa moto, kimoja au viwili vya nyutro, na kimoja cha ethi. Nyumba zetu zina fezi moja. Basi vile vitatu vya moto vinaunganishwa pamoja kwa vipande vya shaba vinavyokuja na jiko, na vya nyutro vivyo hivyo. Mchoro upo kwenye kifuniko chenyewe au kwenye kitabu chake. Vipande vikisahauliwa, sahani mbili hazitawaka na dukani utaambiwa jiko ni bovu. Vikiwekwa mahali pasipo pake, kitakachofuata ni mlipuko. Skrubu zikazwe sawasawa. Skrubu iliyolegea hutengeneza joto lake yenyewe, hata kama waya ni wa 6.

Neno juu ya rangi. Waya mpya ni kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, kijani chenye mistari ya njano kwa ethi. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi. Nyumba iliyoongezewa chumba ina zote mbili, na hapo ndipo fundi mwenye haraka hufa. Rangi ni dokezo tu. Kipimo ndicho kinachosema kweli.

Breka haikuruka, na wala haikuwa mbovu

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike. Katika kambi moja ya mashamba, mke wa mwenzetu alishika mlango wa oveni huku sakafu ikiwa imetoka kupigwa maji. Umeme ukamrusha hadi mlangoni. Alipona, kwa sababu alirushwa badala ya kunaswa. Tulipofika pale siku ya pili watu wote walikuwa wakilaumu breka: "Mbona haikuruka? Breka ni ya bandia." Fundi mwenye kibali aliipima mbele yetu. Ilikuwa nzima. Waya wa kijani wa jiko ndio uliokuwa umekatwa na kuviringwa utepe, kwa kuwa aliyefunga alikuta nyumba haina ethi, naye akaona waya usio na mahali pa kwenda ni uchafu.

Ndugu zetu, breka haikuwekwa kukulinda wewe. Breka inalinda waya usiungue. Breka ya 32 inangoja ampea zizidi 32 ndipo iruke. Binadamu anauawa na umeme ulio mdogo sana kuliko ampea moja. Sehemu thelathini tu za elfu ya ampea tayari ni hatari, na zikizidi kidogo moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Kwa breka ya 32, mtu anayekufa ni kitu kidogo kama taa. Haimwoni.

Ndani ya oveni koili ya joto imezungukwa na unga mweupe unaoizuia isiguse chuma. Koili ikipasuka, au waya ukichubuka nyuma ya jiko, umeme unaingia kwenye mwili wa chuma. Kama hakuna ethi, chuma chote kinabaki na volti 240 kikisubiri. Hakuna kinachoungua, hakuna kinachonusa, breka imetulia. Kinasubiri mtu aje na miguu yenye maji. Kazi ya waya wa ethi ni kuupa umeme ule njia ya kwenda ardhini kabla mtu hajafika.

Lakini ethi peke yake haitoshi, na hili hata mafundi wengi hawalielezi. Nyumba zetu nyingi zinategemea chuma kilichopigwa ardhini nje ya ukuta. Wakati wa kiangazi ardhi inakauka na chuma kile hakipitishi vizuri. Tuseme upinzani wake ni omu 100, jambo ambalo si la ajabu kwenye udongo mkavu wa mawe. Gawa 240 kwa 100: zitapita ampea 2 na nusu hivi. Breka ya 32 itaruka kwa ampea mbili na nusu? Haitaruka leo wala kesho. Jiko lina ethi, fundi amelipwa, na bado mwili wa jiko una umeme.

Ndiyo sababu tunasema nyumba yenye jiko la umeme na chuma cha ethi lazima iwe pia na swichi ya mvujo. Ni ile inayokaa ndani ya boksi, pana kuliko breka ya kawaida, yenye kidude cha kubonyeza kilichoandikwa T. Mafundi huiita kwa herufi zake, RCD. Ununue iliyoandikwa 30 mA, na ampea zake zisiwe pungufu ya zile za breka ya jiko. Swichi hii inafanya kazi kama karani wa stoo: inahesabu umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa waya wa nyutro. Vikiwa sawa, inanyamaza. Ikiona zimepungua sehemu thelathini za elfu ya ampea, inajua kuna zinazopita pasipo halali, labda katika chuma, labda katika mwili wa mtoto, na inakata yote kwa muda usiofika theluthi ya sekunde. Mtu atastuka, hilo halizuiliki, lakini umeme hautaendelea kumshika. Haimsaidii aliyeshika waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja bila kugusa kitu kingine, maana kwake hesabu inaonekana sawa. Kwa hiyo msiifanye ruhusa ya kucheza.

Wakati mwingine jiko jipya likiwashwa mara ya kwanza swichi ya mvujo inaruka. Mara nyingi jiko lilikaa stoo miezi mingi na ule unga mweupe umenyonya unyevu. Fundi mwema atalipima kwa mashine ya volti 500 na kujua kama ni unyevu wa kukaushwa au koili ya kubadilishwa. Fundi wa haraka ataiondoa swichi ya mvujo na kuunga nyaya moja kwa moja, kisha atasema, "Sasa imepona." Huyo msimlipe.

Nani afunge

Sisi hatuandiki makala hii ili kila mtu achukue koleo akafunge jiko lake. Tunaiandika ili ujue cha kudai na cha kuangalia. Kazi hii ni ya fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kusimamia Umeme. Kibali kina jina, daraja na muda wake. Omba kukiona, wala usione haya. Wenzetu mafundi wa kiwandani wanajua mota kuliko watu wote, lakini kibali cha kufunga nyumba ni kitu kingine, na walio nacho watakionyesha. Wale vishoka wanaoitwa kamyufu, wanaopanda nguzo usiku, hawana cha kuonyesha.

Mwangalie akianza. Anazima swichi kuu, anaweka alama au kufuli ili mtu asiwashe, anajaribu testa yake kwenye kitu chenye umeme ahakikishe nayo ni nzima, ndipo anapima waya anaotaka kushika. Akimaliza, kabla ya kuwasha, anapima kama ethi imeshikana kutoka kwenye mwili wa jiko mpaka kwenye chuma cha nje, na anapima upinzani wa chuma chenyewe. Akiwasha, anabonyeza T mbele yako na kila kitu kinazimika. Kisha anakuandikia cheti. Fundi anayekuja na koleo na sigara peke yake hawezi kupima hata kimoja cha vitu hivi.

Nyumba ni ya nani

Haya yote yanagharimu fedha, na wengi wetu tunaishi katika nyumba za mwajiri. Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la mtu mmoja. Fikirini mstari wa vyumba nane vyenye mita moja. Zamani kila chumba kilikuwa na taa na redio. Leo kila chumba kina jiko dogo la wati 1,500, na saa moja jioni wote wanapika. Mara nane ni wati 12,000, yaani ampea 50, juu ya waya uliowekwa kwa ajili ya taa nane. Hata kama wewe umefunga lako kwa ustadi, waya unaoungua ni wa wote.

Meneja mmoja alituambia kwamba jibu ni kupiga marufuku majiko ya umeme kambini. Tulimuuliza kama ataleta makaa. Marufuku hayapunguzi majiko. Yanayaficha chini ya vitanda, na waya wa kurefushia unapitishwa chini ya mkeka.

Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 2006 inatupa haki ya kujadiliana kwa pamoja, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inashughulika zaidi na mahali pa kazi. Kwa hiyo mambo ya nyumba yaandikwe wazi ndani ya mapatano yetu na mwajiri, yasiachwe kwa hisani. Tunapendekeza matawi yadai haya: nyumba zote za kampuni zipimwe ethi na fundi mwenye kibali, na majibu ya kipimo yabandikwe, kila boksi liwe na swichi ya mvujo ya 30 mA, na waya mkuu wa kila mstari uhesabiwe upya kwa idadi ya majiko yaliyopo, siyo kwa taa zilizokuwapo. Ikibidi waya wa kutoka kwenye nguzo uongezwe unene, mwajiri ndiye apeleke ombi kwa UEDCL, ambayo tangu Aprili 2025 ndiyo inayosambaza umeme mahali pa kampuni ya zamani iliyoitwa Umeme.

Swichi ya mvujo ni nafuu kwa mwajiri kuliko mazishi, na tumeshawaambia hivyo mezani kwa maneno hayo hayo. Tawi moja limekwisha kubaliwa dai la kwanza na la pili. La tatu bado linavutwa.

Wakati majadiliano yanaendelea, kila tawi lichague watu wawili wa kupita nyumba kwa nyumba na daftari, waandike namba ya nyumba, wati za jiko kama zilivyo kwenye kibati, kama boksi lina swichi ya mvujo, na kama ikibonyezwa T inazima. Wasifungue boksi wala kugusa waya. Daftari lipelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya kikao kijacho na mwajiri, na nakala moja ibaki mikononi mwa wajumbe.